Mama Mkwe Ajifunza Kirusi

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimerudi kutoka darasa la Kirusi na jambo la kwanza nililofanya ni kuoga. Darasa lenyewe ni chumba cha nyuma cha duka la dawa za mifugo, Nyakato, na harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe imeingia mpaka kwenye kilemba changu. Nimefundisha shule za msingi mpaka nywele zikawa nyeupe, nimefundisha kwenye darasa lenye popo darini, lakini mahali panaponuka namna hii sijawahi kumwomba mtoto wa mtu akae anisikilize.

Mwalimu wetu anaitwa Nicolaus. Alisoma Urusi enzi za ujana wake, mambo ya mitambo, akarudi na cheti na kofia ya manyoya ambayo ameitundika juu ya ubao. Kofia imeliwa na nondo. Ubao anaufuta kwa mkono wa shati, halafu kwa mkono uleule anajifuta jasho, kwa hiyo kipindi kikifika katikati paji lake la uso limeshakuwa jeupe. Mtoto wa darasa la tatu angefanya hivyo ningemtoa nje.

Wanafunzi wengine wote ni vijana wanaotafuta nafasi za kusoma huko. Nimepangwa benchi moja na Miriamu, binti aliyemaliza kidato cha sita, anayetafuna bigijii mdomo wazi tangu mwanzo wa kipindi mpaka mwisho. Alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza, "Mwalimu, kwani na wazee wanachukuliwaga?"

Nikamwambia mimi siendi popote. Urusi ndiyo inakuja kwangu.

Jumapili, 6 Oktoba

Niandike sababu, ili siku nikitaka kuacha nifungue hapa nisome.

Mwanangu wa kwanza, Recho, alikwenda Urusi kusomea udaktari, akaolewa hukohuko. Harusi tuliiangalia kwenye simu, mimi na marehemu mume wangu Stanslaus, hapahapa sebuleni Bweri. Bwana harusi ana upara, ni mwekundu usoni, na umri wake unakaribia wangu kuliko wa Recho. Alipombusu mwanangu mdomoni mbele yetu, Stanslaus aliilaza simu kifudifudi mezani akatoka kwenda kuangalia kuku. Mimi nilikuwa nimeshakunja uso, na Recho aliniona kabla simu haijalazwa. Mpaka leo anautaja uso huo. Baba yake alipofariki hakuja kuzika. Alisema ni mambo ya hati za kusafiria. Mimi najua ni uso.

Sasa wanakuja Desemba, yeye, Mrusi wake, na mtoto wao Stas, waliyempa jina la babu yake. Wanataka kujitambulisha kwa ukoo, nyumbani kwa marehemu, Butiama. Nilifurahi mpaka nikalia. Halafu nikakumbuka kwamba watu wa huko wanakumbatiana.

Kwetu mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe. Hampi mkono, hali mbele yake, hamkazii macho. Yusto, aliyemwoa Dorkas mdogo wake Recho, huko Guta, ni mkwe wangu wa miaka mingi na mgongo wake naujua kuliko uso. Tukiwa na jambo tunaongea yeye akiwa nje, mimi ndani, ukuta katikati. Hakuna chuki hapo. Ni heshima, na kwa maisha niliyoishi sikumbuki mwanamume mwingine aliyenipa heshima kubwa kuliko hiyo.

Nilimwomba Recho amweleze mumewe mapema. Akanijibu, "Mama, mimi sitakutafsiria kinyaa chako. Ukitaka kumkataa, mkatae kwa mdomo wako."

Ndiyo maana nakwenda kunusa dawa ya kupe.

Jumatano, 9 Oktoba

Meza, kiti, dirisha, kalamu. Mrusi hatakuja kukumbatia meza.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo nilinyoosha mkono, nikamwambia Mwalimu Nicolaus nina sentensi moja tu ninayoitaka. Nataka kumwambia mkwe asinikumbatie kwa sababu ya heshima. Akaniuliza mkwe wa wapi, nikamweleza. Akacheka mpaka akakaa.

"Mama Recho, huko mama mkwe anaitwa tyosha," akasema. "Ndiye wa vichekesho vyote. Ukimtaja tu watu wanaanza kucheka kabla hujamaliza. Eti hampendi mkwe, eti anamchunguza, eti akija nyumbani mkwe anaumwa kichwa mpaka aondoke."

"Na mkwe akimkumbatia, yeye akarudi nyuma?"

"Hapo ndipo kichekesho kinakuwa kweli. Mrusi atasema, ahaa, kumbe mama wakwe ni walewale." Akajifuta jasho kwa mkono wenye chaki. "Wewe mwache akukumbatie. Hizo mila zilikuwaga za akina babu. Mimi nimeishi Ulaya, nilishaziacha."

Vijana nao wakacheka. Miriamu aliacha bigijii ikaning'inia kwenye jino, nikaiona yote. Kuhusu sentensi yangu, Mwalimu alisema mambo ya kukataza yako mbele kwenye kitabu, tutafika mwezi wa tatu. Nikamwambia mwezi wa tatu Mrusi atakuwa ameshanikumbatia na kurudi kwao.

Jumatano, 16 Oktoba

Mwalimu alikula ugali na dagaa darasani, akalamba vidole kimoja kimoja, kisha akanipa chaki niende ubaoni. Niliipokea kwa leso.

Jumapili, 20 Oktoba

Shemeji Eliasi amekuja kutoka Butiama. Ni mdogo wake marehemu, na tangu kaka yake afariki yeye ndiye mwenye kauli ya ukoo. Alikunywa chai, akaweka kikombe chini, akasema alichokuja kusema.

"Shemeji, nikwambie mapema ili tusije tukaaibishana. Siku hiyo ukoo wote utakuwa pale. Huyo mzungu akikukumbatia na wewe ukatulia, basi ni mgeni. Wageni tunawachinjiaga, tunapiga nao picha, wanaondoka. Recho atakuwa bado hajaolewa na huyo mtoto hana kwao hapa."

"Na nikimkataza?"

"Ukimkataza, ukajificha kama unavyojifichaga kwa Yusto, basi umesema mwenyewe kwamba ni mkwe. Mimi sina la kuongeza. Mengine tutakaa naye wanaume."

Alipoondoka nilikaa na kikombe chake mbele yangu, mabaki ya mkate yakielea ndani. Watu wanaochovya mkate kwenye chai ya ugenini sijui walilelewa na nani. Lakini maneno yake yalikuwa sawasawa. Nikimkataza Mrusi nimemkubali, na yeye ataona nimemkataa. Nikimruhusu nimemkataa mbele ya ukoo mzima, na yeye ataondoka akifurahi kwamba amepokelewa. Katikati ya hayo yupo Stas, ambaye sijawahi hata kumshika mkono.

Sikulala vizuri.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua ya kwanza. Bodaboda aliniteremsha kwenye dimbwi akasema ndipo anapoishiaga. Nilifundishwa Kirusi nikiwa na tope kwenye soksi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Leo lazima niandike taratibu, maana nikiharakisha nitacheka na mkono utateleza.

Tulikuwa katikati ya kipindi. Mwalimu Nicolaus anaeleza namna Warusi wanavyosalimiana, na sauti imemjaa, anasema huko mtu mzima hamwogopi mtu mzima, mnashikana mikono, mnatazamana machoni, basi. Mlango wa kwenda dukani ulikuwa wazi. Tukasikia sauti ya bibi mmoja mle dukani akiulizia dawa ya minyoo ya ndama.

Mkono wa Mwalimu ukasimama ubaoni. Akaiweka chaki chini, polepole sana. Akavuta kiti mpaka dirishani, akapanda, akatoa kichwa nje, akatoa mabega, kisha tumbo likakwama. Tuliona soli za viatu vyake na soksi zenye matundu zikitikisika hewani mbele ya darasa zima. Miriamu alisahau kutafuna. Kijana mmoja akainuka amsukume, akasita, kwa sababu hakujua ashike wapi. Mwishowe Mwalimu alijivuta mwenyewe akaangukia upande wa pili, na kwa mlio ule nilijua ni topeni.

Huko dukani muuzaji alikuwa anasema, "Mama, mkwe wako yupo hapo nyuma anafundisha."  Nilichungulia nikamwona bibi anajifunika khanga mpaka machoni, anachukua dawa yake, anaondoka mbio kuliko umri wake. Huyo mtu wa Ulaya na yule bibi, kila mmoja alikuwa anamkimbia mwenzake kwa heshima zote.

Mwalimu aliingia kwa mlango mkubwa baada ya muda. Tope lilikuwa limefika kwenye tai. Akasimama mbele yetu, akasema, "Tuendelee. Ukurasa wa tisa." Hakuna aliyecheka, na nikiri kwamba kwa mara ya kwanza nilimheshimu.

Kipindi kilipokwisha aliniomba nibaki. Alikuwa anakwangua tope kwa rula ya darasa, rula ileile anayotuonyeshea herufi, nikageuza macho.

"Mama Recho," akasema, "ile sentensi yako. Kwenye kitabu haipo. Kukataza kupo kwingi sana, lakini kukataza kwa heshima hivyo sijakuona. Itabidi tuitengeneze."

Tukaitengeneza. Kwa Kiswahili ni hivi: "Kwetu mkwe hagusani na mama mkwe, kwa sababu wanaheshimiana. Usinikumbatie. Sikukatai." Kwa Kirusi ni ndefu, na lile neno la kuheshimu linaanzia kooni kama mtu anayetaka kutema. Nimelirudia njia nzima mpaka Bweri. Dereva wa bodaboda aliniuliza kama nataka kutapika.

Jumamosi, 2 Novemba

Miriamu amejitolea kuwa Mrusi. Anavaa ile kofia ya nondo, anatanua mikono, anakuja kwangu akisema "mama, mama" kwa sauti nene, na mimi narudi nyuma na kusema maneno yangu. Vumbi la kofia linamdondokea mabegani. Nimemwambia akaoge na anione tena Jumatano.

Mara ya kumi hivi maneno yalitoka yote bila kukwama. Vijana wakapiga makofi. Miriamu hakupiga.

"Mwalimu, nikwambie ukweli?"

"Sema."

"Maneno yako safi. Ila ukiongeaga unakunja uso, kama mtu kafunua sufuria akakuta funza. Mrusi ataona uso. Maneno hatayasikia."

Nilikasirika. Nimerudi nyumbani nikasimama mbele ya kioo na kuisema sentensi yote. Binti amesema kweli. Huu uso niliutengeneza mwenyewe nikiwa mwalimu mpya, ulinitosha bila fimbo miaka yote ile, na sasa sijui unakotokea wala unakozimiwa.

Jumatano, 6 Novemba

Nimejaribu kutabasamu nikiwa nasema. Miriamu anasema hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Jumamosi, 9 Novemba

Recho alipiga simu. Nilitaka kumshangaza, nimwambie najifunza, lakini hakunipa nafasi. Alikuwa amechoka, anatoka zamu ya hospitali.

"Mama, tumeshapata tiketi. Nasema hivi leo ili usije ukasema sikusema. Baba Stas anaogopa kuja. Ananiuliza kila siku, mama yako anapenda nini, nimletee nini. Ukimkunjia ule uso, kesho yake tunapanda gari tunaondoka. Na Stas hutamwona mpaka aote ndevu."

Nikamwambia, "Nimesikia."

"Ona, hata sasa umeukunja. Nausikia."

Ilikuwa kweli. Nilikata simu nikabaki nimeishika. Siogopi tena kukumbatiwa, hilo nimejua leo. Naogopa kwamba mwanangu ana sauti yangu kabisa, na kwamba amenichoka.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua. Darasa lilikuwa na watu wanne na chura mmoja.

Jumamosi, 16 Novemba

Kuna kopo la zamani mezani kwa Mwalimu, la bati, limejaa vipande vya chaki na, samahani, kucha. Nimekuwa nikiepuka kulitazama tangu Oktoba. Leo macho yalitua kwenye maandishi yake nikajikuta nasoma, herufi moja moja, bila mtu kuniuliza: chai. Ni kopo la chai. Nao wanasema chai, hivihivi tunavyosema sisi.

Nilitazama kushoto na kulia kama kuna mtu ameona nacheka peke yangu.

Jumamosi, 30 Novemba

Miriamu hakupata nafasi mwaka huu. Alikuja darasani hata hivyo, macho mekundu, akavaa kofia akatanua mikono. Nikamwambia leo si lazima. Akasema, "Twende, Mwalimu, angalau mmoja wetu akafaulu." Tulifanya mpaka sauti ikanikauka. Alinipa bigijii nikaipokea. Nikaitafuna. Ina ladha ya sabuni, sijui wanapendea nini.

Jumamosi, 14 Desemba

Darasa la mwisho kabla ya Krismasi. Mwalimu alinishika mkono kuniaga, mkono wenye mafuta ya dagaa, na sikuutoa mapema. Miriamu amesema leo nimekunja uso nusu tu.

Nusu haitoshi.

Jumamosi, 21 Desemba

Butiama. Naandikia chumbani, juu ya kitanda chenye unyevu, na nitaandika yote.

Walilala Guta kwa Dorkas juzi na jana, leo wakaja wote kwa gari moja, pamoja na Yusto. Mvua ilikuwa imeanza alfajiri na haikutaka kukata. Chini ya turubai alikaa Shemeji Eliasi na wazee, kwenye varanda akina mama, na mimi mbele ya mlango na gauni jipya lililoshaanza kunichapa matope miguuni. Gari likasimama. Kwanza akatoka Recho, amenenepa kidogo, nikasahau kila kitu kwa kumtazama. Kisha Stas, ana rangi ya asali na masikio ya babu yake. Kisha Mrusi.

Alivaa kaptula. Mtu wa umri ule anakuja ukweni na kaptula, magoti meupe nje, soksi ndani ya kandambili. Nilisikia akina mama nyuma yangu wanavuta pumzi. Aliniona, akatabasamu kwa uso wote, akatanua mikono na kuanza kutembea kwenye mvua, "Mama, mama," vilevile kama Miriamu.

Nikarudi nyuma, nikavuta khanga. Nikasema sentensi yangu. Niliisema yote, neno kwa neno, na sikukosea. Na wakati naisema nilisikia uso wangu unajikunja wenyewe, paji, pua, mdomo, na sikuweza kuuzuia. Zile soksi zilikuwa zinafyonza maji mbele ya macho yangu.

Akasimama. Mikono ikabaki hewani, halafu ikashuka. Wekundu ukampanda kutoka shingoni mpaka kwenye upara. Nilijua hakusikia hata neno moja. Alitazama uso.

"Huo hapo," Recho akasema kwa Kiswahili, mbele ya ukoo mzima. Hakupaza sauti. "Ndio huo huo, Mama. Hujaubadilisha hata kidogo." Akamshika Stas mkono. "Turudi kwenye gari."

 Shemeji Eliasi alikuwa anatazama chini. Mimi nilitaka kusema na kila nilichotaka kusema kilikuwa kwa Kizanaki, lugha yetu ya nyumbani.

Yusto ndiye aliyeondoka pale alipokuwa. Hanijui usoni, hajawahi kunitazama, na leo vilevile hakunitazama. Alipita mbali nami, ameinamisha kichwa, akamfikia Mrusi na kumshika kiwiko. "Twende, bwana," akamwambia kwa Kiswahili. "Sisi tunakaaga huku." Akamzungusha nyumba mpaka upande wa jikoni, chini ya upenu, mahali anapokaaga yeye siku zote akija. Akamvutia kigoda. Akakaa karibu naye, wote wawili wameupa ukuta wa nyumba mgongo.

Niliingia ndani. Nilipita sebuleni mpaka jikoni, nikasimama kwenye ukuta, nikasikia kigoda kinalia upande wa pili. Mle jikoni kulikuwa giza na hapakuwa na mtu. Ndipo nikaelewa kwa nini wazee wetu waliweka ukuta. Ukuta hauna uso.

Nikaisema tena, polepole, kwa ile sauti niliyokuwa nawasomea watoto wa darasa la kwanza. Kwetu mkwe hagusani na mama mkwe, kwa sababu wanaheshimiana. Usinikumbatie. Sikukatai.  Mvua ilikuwa inapiga mabati, nikaogopa hajasikia, nikaongeza maneno yangu mwenyewe ambayo Mwalimu hakunitengenezea, maneno ya mtoto tu: "Yusto ni mkwe. Wewe ni mkwe. Mko sawa. Hapa ni nyumbani."

Kigoda kikalia tena upande wa pili. Halafu akaanza kuongea, kwa haraka, mengi, sikuelewa. Akagundua, akaanza upya, neno moja moja, kama anayeweka mayai mezani. Alisema alikuwa na hofu. Alisema ameelewa. Alisema spasibo, mama. Asante, mama.

Nikasikia Shemeji Eliasi huko nje anasema, "Mpeni mkwe maji ya kunawa." Alisema mkwe.

Recho aliingia jikoni akiwa amelowa.  "Nani amekufundisha?" akauliza.

"Mtu mmoja wa Nyakato. Mchafu sana."

"Tangu lini?"

"Tangu Oktoba."

Akakaa sakafuni karibu na miguu yangu, hapo kwenye majivu, na lile gauni lake zuri. Nikataka kumwambia ainuke, atachafuka. Nikakaa na mimi.

Tangu Oktoba nimemwandika Mrusi. Kuanzia leo naandika mkwe.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Mkwe anakula samaki na macho yake, ananyonya mifupa mpaka inalia, namsikia kupitia ukutani. Yusto anamsifia. Sijui wanaelewana kwa lugha gani, lakini wanacheka mpaka kigoda kinaanguka.

Stas ananifuata kila mahali. Namwita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu. Recho alimtafsiria mkwe hilo. Huko nyuma ya nyumba kigoda kikaanguka tena.

Jumamosi, 4 Januari

Kesho wanaondoka.

Asubuhi nilitoka kisimani na ndoo kichwani. Ile njia ya kurudi ni nyembamba, upande mmoja kuna michongoma, upande mwingine mtaro uliojaa maji ya mvua na kila kitu kilichotoka zizini tangu wiki iliyopita. Nikamwona mkwe anakuja kutoka upande wa pili, Stas mabegani, amevaa viatu vyeupe vipya ambavyo Recho alimtolea sandukuni kwa ajili ya safari.

Kwetu mkwe akikutana na mama mkwe njiani, anaiacha njia. Hilo sikumfundisha. Halikuwa kwenye sentensi yangu, na hata ningetaka, Kirusi cha kulisema sina. Nikasimama, nikaanza kutafuta namna ya kugeuka na ndoo, maana mgeni huwezi kumdai kila kitu.

Alimshusha Stas, akamsimamisha penye ukavu. Akautazama mtaro. Akavitazama viatu. Akaingia, akazama mpaka magotini, akanipa mgongo na kuinamisha kichwa, mikono ameikunja mbele namna ileile ya Yusto. Harufu iliyopanda pale sitaiandika.

Stas akaniuliza kwa Kirusi baba anafanya nini humo. Nilielewa swali lote. Nikamjibu kwa Kirusi kwamba baba anamsalimu bibi.

Kinyaa kilinishika, siwezi kusema uongo, viatu vyeupe vile. Lakini sikuharakisha. Nilipita katikati ya njia, polepole, ndoo kichwani, mama mwenye wakwe wawili.